Mmea uchi: hauna nguo, au umezivua?

Ulijiotea wenyewe. Katika chungu cha okidi kinachoning'inia kibarazani kwangu, kati ya vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, nilikuta vijiti vitano vya kijani vimesimama, kila kimoja kirefu kama shubiri. Kijiti kinapanda kidogo, kinagawanyika panda mbili. Kila panda nayo inagawanyika mbili. Hivyo hivyo hadi juu, pakawa kama ufagio wa chelewa uliosimamishwa kwa kishikio. Jani hakuna. Ukisogeza macho unaona vigamba vya kijani vimetawanyika ubavuni, vidogo kuliko punje ya mchele, na hapa na pale kidonge cha njano chenye matuta matatu, mfano wa tunda la mbarika, ila dogo kuliko punje ya mtama. Nikachimbua pembeni kwa kijiko cha chai nikitafuta mizizi. Hakuna. Kuna shina la kahawia linalotambaa chini, lenye vinyweleo, basi.

Mama jirani, ambaye mambo ya maua ananizidi kwa mbali, aliutazama akasema, "Hilo gugu, mwanangu. Ling'oe lisije likakumalizia okidi." Sikuling'oa, maana nilishalijua kwa jina. Lilikuwa kwenye daftari langu la baiolojia miaka mingi iliyopita, chini ya sentensi tuliyoinakili ubaoni tukaikariri kwa mtihani: huu ndio mmea wa kale kuliko yote yenye mishipa, masalia ya mimea ya kwanza kuishi nchi kavu.

Sentensi hiyo si kweli. Lakini waliokosea hawakuwa wavivu wala wajinga, ndiyo maana kisa kinafaa kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Jina la mmea ni Psilotum nudum. Neno la kwanza limetoka kwenye Kigiriki na lina maana ya utupu. La pili ni Kilatini, uchi. Kwa hiyo mmea unaitwa "mtupu, uchi", kana kwamba mtu aliogopa tusingeelewa mara ya kwanza. Jenasi ya Psilotum ina spishi mbili tu, huu wa kwangu na Psilotum complanatum wenye matawi bapa. Ndugu yao wa karibu ni Tmesipteris, jenasi ya spishi 15 hivi za Australia, New Zealand, New Caledonia na visiwa vingine vya Pasifiki, ambazo nyingi huning'inia kwenye vigogo vya makangaga makubwa, ile mimea isiyo na maua wala mbegu. Jumla spishi 17, familia ya Psilotaceae. Ukoo mzima ungepanda daladala moja na kiti kikabaki. P. nudum ndiye msafiri wao: spora zake, yaani chembe za uzazi nyepesi kama vumbi, huenda na upepo, na leo anakutwa karibu kila nchi ya joto, Afrika Mashariki ikiwemo, kwenye panda za miti, kwenye nyufa za mawe, na kwenye vyungu vya watu bila kualikwa.

Spishi 17 zimewasumbua wataalamu wa uainishaji kwa zaidi ya miaka 200.

Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi, aliupa mmea huu jina mwaka 1753. Aliuita Lycopodium nudum, na Lycopodium zote, mimea midogo ya spora yenye vigamba, wakati huo alikuwa ameziweka pamoja na kuvumwani, vimmea vinavyotanda kama zulia kwenye mawe yenye unyevu. Kwa mtu aliyekuwa na kielelezo kilichokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, uamuzi ule ulikuwa na maana: vigamba vidogo, vifuko vya spora vimekaa ubavuni mwa shina, mmea hauna ua. Swartz akaitenga jenasi ya Psilotum mwaka 1801, na Palisot de Beauvois akaupa mmea jina tunalolitumia sasa mwaka 1805. Lakini kupata jina la jenasi si kupata ndugu. Psilotum ilibaki imesimama karibu na Lycopodium kama mgeni aliyewekwa chumba cha uani mpaka ijulikane ni wa nani.

Kilichogeuza mambo ni visukuku. Mwaka 1859 J. W. Dawson alitangaza mmea wa kale sana kutoka Gaspé, Kanada, akauita Psilophyton. Jina lenyewe linakumbusha Psilotum, na mchoro wake nao vilevile: shina linalotambaa chini, vijiti vitupu vinavyogawanyika panda panda. Wengi hawakumwamini. Halafu mwaka 1917 Robert Kidston na William Lang wakaanza kuchapisha walichokipata katika mawe ya Rhynie, kijiji cha Uskoti. Maji ya chemchemi za moto yenye silika yalikuwa yameigandisha mimea ya pale, takriban miaka milioni 407 iliyopita, kwa usafi ambao mpaka leo unaweza kukata kipande cha jiwe, ukakisaga kikawa chembamba, ukahesabu seli za mmea chini ya hadubini. Mmoja wao, Rhynia, ulikuwa hauna mizizi wala majani. Shina la chini lenye vinyweleo, vijiti vinavyogawanyika mbili mbili, vifuko vya spora. Nani asingeikumbuka Psilotum?

Basi hukumu ikatolewa. Mimea ya Rhynie na Psilotum ikafungwa kapu moja, na vitabu vya kufundishia vikaipa kundi lake kubwa lenye jina la Psilophyta, likapangwa chini kabisa ya mti wa nasaba, kabla ya Lycopodium, kabla ya makangaga, kabla ya kila kitu chenye mishipa. Katika miaka ya 1930 nadharia ya Walter Zimmermann, kwamba majani yalizaliwa na matawi yaliyojibapaza na kuungana, ikaufanya mmea huu kuwa kielelezo hai cha darasani. Mwalimu hakuhitaji kisukuku. Alikuwa na chungu.

Hapo ndipo kosa lilipo, na si mara moja linaonekana.

Kwanza kuna mzunguko. Dawson alimchora marehemu kwa kumtazama aliye hai; waliofuata wakamtazama aliye hai wakasema anafanana na marehemu, kwa hiyo ni mjukuu wake. (Baadaye ilionekana kwamba mchoro wenyewe wa Dawson ulichanganya viungo vya mimea tofauti.) Rhynia haikuwa na lawama hii, ilijitokeza kwenye jiwe bila kuchorwa na mtu, lakini jicho lililoisoma lilikuwa limeshazoeshwa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi: kufanana kote kulikuwa ni kwa vitu visivyokuwepo. Hakuna mzizi, hakuna jani, mishipa ni michache. Ukimkuta mtu uchi mtoni alfajiri, huwezi kujua kwa kumtazama tu kama hana nguo nyumbani au amezitundika kwenye kichaka nyuma yako. Utupu wa Rhynia ni wa asiyewahi kuvaa, kwa kuwa majani ya aina ya makangaga yalikuwa hayajatokea duniani. Utupu wa Psilotum ungeweza kuwa wa namna hiyo, au wa aliyevua. Sura ni moja.

Watu wa pwani wana mfano mzuri zaidi wa huu, nao ni mlangamia. Nyuzi za manjano zilizotanda juu ya vichaka vya ufukweni, hazina jani la maana wala mzizi udongoni. Kwa mantiki ya daftari langu, mlangamia ungekuwa mzee kuliko mnazi. Ila mlangamia hutoa maua, na maua yake yanauweka familia moja na mdalasini na mparachichi. Umepoteza majani na mizizi kwa sababu ya maisha ya kunyonya wenzake. Hata ndani ya makangaga lipo jambo hili: Salvinia, gugumaji lililosumbua Ziwa Naivasha, halina mzizi hata mmoja, kinachoonekana kama mizizi chini yake ni jani lililochanika nyuzi nyuzi. Tofauti ni kwamba Salvinia inajulikana kwa alama nyingine. Psilotum ilikuwa imevua karibu kila kitu ambacho mtaalamu hukitazama.

Karibu. Vilibaki vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa sehemu ambayo watu hawatazami.

Makangaga huishi maisha mawili. Mmea tunaoujua hutoa spora; spora ikiota haitoi kangaga, inatoa kimmea kidogo kingine kabisa chenye viungo vya kike na kiume, na ni pale mbegu ya kiume inapoogelea kwenye tone la maji hadi kwenye yai ndipo kangaga jipya huzaliwa. Kwa makangaga mengi kimmea hicho ni kijani, bapa, sura ya moyo, kimelala juu ya udongo unyevu. Cha Psilotum hakikuelezwa hadi mwaka 1917, mwaka uleule wa Rhynie, na sababu ya kuchelewa ni kwamba kiko chini ya ardhi. Ni kipande cha mviringo, rangi ya kahawia, milimita chache, chenye vinyweleo, hakina kijani hata chembe. Hulishwa na kuvu walioingia ndani ya seli zake. Ukikiweka kando ya kipande cha shina la chini la mmea mkubwa, bila hadubini huwezi kuvitofautisha.

Ndani ya kimmea hicho mbegu za kiume zina mikia mingi, zimejisokota kama parafujo. Za Lycopodium zina mikia miwili. Mikia mingi ya kusokotwa ni mbegu za makangaga. Ushahidi huu ulikuwa mezani kabla mimi na mwalimu wangu hatujazaliwa, na naona ajabu jinsi ulivyopewa sauti ndogo mbele ya sura ya vijiti. Tena mwaka 1939 Holloway wa New Zealand alipoona kwamba baadhi ya vimmea hivyo vina mshipa ndani, jambo adimu kabisa, wengine walilichukua kama dalili nyingine ya ukale: eti maisha mawili yalikuwa hayajatengana bado. Ukishaamini mtu ni mzee, hata mvi za chaki unazihesabu.

Aliyesimama kupinga kwa sauti ni Mmarekani David Bierhorst. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alisisitiza kwamba Psilotum na Tmesipteris ni makangaga, basi, na kwamba kinachoitwa kijiti ni sawa na jani la kangaga lililopungua. Alimtafuta ndugu pia, akamwona kwenye Stromatopteris, kangaga la New Caledonia lenye kimmea cha chini ya ardhi na shina la chini linalofanana sana na la Psilotum. Mjadala ulipamba moto mwaka 1977. Mwaka huohuo Gillian Cooper-Driver alileta ushahidi wa kemia: rangi na viambato vya Psilotaceae havikulingana na vya makangaga ya kawaida, Stromatopteris ikiwa miongoni mwao. Upande wa pili ukashangilia.

Nikisoma mabishano yale leo naona kila upande ulikuwa na nusu ya jibu. Bierhorst alikuwa sahihi kuhusu ukoo na alikosea kuhusu ndugu. Kemia ilikuwa sahihi kwamba ndugu si yule, lakini haikuwa na uwezo wa kusema kwamba ukoo si ule. Kutofanana na makangaga yaliyopimwa si kutofanana na makangaga yote.

Na lipo jambo moja ambalo kama ningekuwa wakili wa upande wa ukale ningelificha. Wajapani walikuwa wamelima Psilotum kama pambo tangu enzi ya Edo (1603 hadi 1868), wakiteua mimea yenye kasoro za kupendeza, hadi wakawa na aina zaidi ya mia. Moja, iitwayo Bunryu-zan, haina vigamba kabisa, na vifuko vyake vya spora viko nchani mwa vijiti. Yaani inafanana na Rhynia kuliko Psilotum ya msituni inavyofanana nayo! Wapo walioona hapo sura ya babu ikirudi. Mimi naona kinyume: kama mtunza bustani anaweza kupata umbo la miaka milioni 400 kutokana na badiliko dogo kwenye chungu, basi umbo hilo ni rahisi kulipata, na lisilo na gharama halina uzito wa ushahidi.

Halafu kulikuwa na pengo. Kati ya Rhynia na chungu changu kuna miaka milioni 400, na katika muda wote huo hakuna kisukuku cha kuaminika cha ukoo wa Psilotum kilichoziba hata hatua moja. Pengo peke yake halithibitishi kitu, mimea laini haigandi kirahisi. Ila hadithi ya masalia ilihitaji daraja refu mno lisilo na nguzo.

Jibu lilikuja mwaka 1992 kutoka mahali ambapo sura haina nafasi. Linda Raubeson na Robert Jansen walichunguza DNA ya kloroplasti, vile vifuko vya kijani ndani ya seli, ambayo herufi zake zimepangwa kama kitabu kidogo kilichofungwa mduara. Walikuta kwamba katika mimea mingi yenye mishipa, sehemu moja ya herufi 30,000 hivi imegeuzwa, kama kurasa zilizochanwa katikati ya kitabu zikarudishwa kinyumenyume. Kuvumwani hawana mgeuzo huo. Lycopodium na wenzake hawana. Wengine wote wanao, kuanzia makangaga hadi mahindi. Psilotum unao.

Uzito wake uko hapa. Kukosa jani ni jambo linaloweza kutokea mara nyingi, kwa sababu nyingi. Kugeuza kurasa zilezile, kwenye mipaka ileile, ni ajali ambayo haitarajiwi kutokea mara mbili. Kama Psilotum ingekuwa masalia ya kabla Lycopodium haijajitenga, kitabu chake kingekuwa na mpangilio wa zamani. Kwa ushahidi huo mmoja, ngazi ya chini kabisa ya mti ilikuwa imebaki tupu, mkaaji wake kahama.

Kahamia wapi? Mwaka 2001 Kathleen Pryer na wenzake walilinganisha jeni nne katika mimea 35 wakachapisha mti ambao sehemu kubwa yake bado imesimama. Makangaga yote ni ukoo mmoja, na ndani yake wamo Equisetum wenye pingili na wamo Psilotaceae. Ndugu wa Psilotum si Stromatopteris. Ni Ophioglossum, jina lenye maana ya ulimi wa nyoka: mmea mdogo wa majanini, jani moja la mviringo na kijiti kimoja chenye spora kinachochomoza kama ulimi.

Kwa sura, hakuna ambaye angewaoza. Lakini ukishaambiwa ni ndugu, unaanza kuona pua. Kimmea cha Ophioglossum kiko chini ya ardhi, hakina kijani, kinalishwa na kuvu. Mizizi yake ni minene, haina vinyweleo, na matawi ni machache au hayapo: mizizi ya mmea ambao kazi ya kutafuta chakula umemwachia kuvu. Jani lake changa halichipui likiwa limejiviringa kama mkia wa kinyonga, alama ambayo kila mtu huitumia kutambua kangaga. Ukiyapanga haya unapata mwelekeo: koo mbili zilizoegemea kuvu, mmoja ukapunguza mizizi, mwingine ukaitupa kabisa pamoja na sehemu kubwa ya jani. Nguo zilikuwa kwenye kichaka. Zimevuliwa.

Baada ya hapo karatasi zilifuata. Mwaka 2006 Alan Smith na wenzake waliziweka Psilotales na Ophioglossales katika ngeli moja, Psilotopsida. Mwaka 2016 uainishaji wa pamoja wa wataalamu wengi, ujulikanao kama PPG I, ukaifanya ngeli yote ya makangaga kuwa moja, Polypodiopsida, yenye spishi zaidi ya 10,000, ikagawanywa nusu-ngeli nne. Oda zetu mbili zimo katika Ophioglossidae. Kama kitabu chako bado kina Psilophyta peke yake kwenye ukurasa wa kwanza wa mimea yenye mishipa, chukua penseli.

Wengi wa waliosikia habari za ukoo huu karibuni hawakuzisikia kwa sababu ya uainishaji. Mwezi Mei 2024 watafiti wa Barcelona na wa bustani ya mimea ya Kew, London, walitangaza kwamba Tmesipteris oblanceolata wa New Caledonia ana jenomu, yaani seti nzima ya DNA, ya herufi bilioni 160, kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa. Ya binadamu ni bilioni 3 na kidogo. Ukinyoosha DNA ya seli moja inapita mita 100. Ophioglossum naye anashikilia rekodi ya kromosomu kwa mimea, zaidi ya 1,200 katika seli moja ya spishi ya O. reticulatum. Nyingi ya herufi hizo bilioni ni marudio, wala hazithibitishi lolote kuhusu majani yaliyopotea. Lakini sikuweza kujizuia kucheka: yule anayetembea uchi ndiye mwenye sanduku kubwa kuliko wote.

Mwezi uliopita nilihamisha okidi kwenye chungu kikubwa. Vijiti vilikuwa vimefika tisa. Kabla ya kumwaga makumbi ya zamani niliyatandaza kwenye sinia, nikakaa na lenzi ya mkononi tangu asubuhi hadi adhuhuri nikitafuta kimmea cha kahawia, milimita chache, chenye vinyweleo. Nilipata vipande kumi na moja. Nilivikata vyote kwa wembe. Tisa vilikuwa shina la chini, viwili mkaa. Makumbi nimeyarudisha.